Mshale Usio na Kwao

Juzi, kwenye duka la vyuma chakavu karibu na soko la Mgandini, hapa Tanga, niliikuta mega ya mkono, kile kipimo cha mafundi umeme cha kupimia ganda la waya, imepasuliwa. Boksi lake jeusi la bakelaiti lilikuwa limevunjwa kwa nyundo, na kijana amelipakata, anang'oa sumaku kubwa iliyokuwa tumboni. Sumaku ndiyo yenye mnunuzi. Mshale, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeanguka mchangani. Niliuokota, nikaufunga kwenye karatasi, na mpaka leo uko mezani kwangu.

Aliyewahi kuitumia mega ile anajua kuwa mshale wake hauna kwao. Mita nyingine ukiziacha, mshale hurudi sifuri, maana ndani mna springi inayouvuta. Mega haina springi. Koili mbili zimefungwa pamoja, moja inavutia huku na nyingine kule, na mshale husimama pale nguvu zao zinapolingana. Usipozungusha mpini, mshale hukaa popote; ukilibeba boksi unayumba, kama mtu aliyeamshwa usiku katika nyumba ya ugenini. Mzee aliyenifundisha kazi aliipenda kwa hilo hasa. Alisema ni mita yenye adabu: haitoi jibu kabla ya kuulizwa.

Walioipa mega jina lake ni akina Evershed na Vignoles wa London, waliolisajili mwaka 1903. Kwetu jina limekaa hata kwenye vile vifaa vya betri visivyo na mshale wala mpini. Tunasema kupiga mega, na kila fundi anaelewa. Lakini aliyeanza na vya betri hajui ule mpini. Unaanza polepole, ni mzito kidogo. Unaongeza mwendo, na ukifika kama mizunguko 160 kwa dakika klachi inateleza, nawe unausikia ule mtelezo kiganjani, laini, kama kamba ya ndoo inavyolegea ndoo ikigusa maji kisimani. Hapo volti 500 zimetulia, na hapo ndipo unaposoma. Mzee aliweza kuushika mwendo ule dakika nzima huku anaongea na mwenye nyumba, na mshale usitikisike.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa peke yangu kupima nyumba tatu za Makorora zilizokuwa zinasubiri kurudishiwa umeme. Kote mshale ulikwenda moja kwa moja kwenye ile nane iliyolala, alama ya ukinzani usio na mwisho: ganda la waya halivujishi hata chembe. Nilirudi karakana nimejaa furaha. Mzee alizisoma karatasi zangu, asiseme kitu. Akazichukua klipu mbili za mega, akazibananisha chuma kwa chuma, akazungusha mpini. Mshale ulipaswa kuanguka sifuri. Haukuanguka. Ulibaki kwenye nane iliyolala.

"Mwanangu," akasema, "leo umepima hewa."

Waya mmoja wa kupimia ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, karibu na klipu, pale unapokunjwa kila siku. Kwa nje haukuwa na alama yoyote. Jioni ileile tulizirudia nyumba zote tatu kwa baiskeli, yeye mbele, mimi nyuma na waya mpya. Mbili zilikuwa nzima kweli. Ya tatu, juu ya dari ya jikoni, panya walikuwa wameutafuna waya. Mega ilisoma 0.2, nasi hatuachi nyumba ikiwa chini ya megaomu 1. Chini ya dari ile mtoto wa kike alikuwa amechutama kwenye karai, anaosha vyombo, maji yametapakaa sakafuni. Alituamkia shikamoo bila kuinua kichwa. Sijamsahau, na nadhani sijaacha kumuogopea.

Tangu siku ile nimejua kuwa kipimo kibovu huleta habari njema. Waya wa mega ukikatika, kila nyumba ni salama. Taa ya testa ikifa, kila waya hauna umeme. Mizani ya dukani ikiharibika, mapema au baadaye atatokea mteja wa kulalamika. Lakini nani atalalamika akiambiwa nyumba yake ni nzima? Kwa hiyo Mzee aliigusisha testa kwanza kwenye soketi aliyojua ina umeme, halafu kwenye waya aliotaka kuushika, halafu akairudisha kwenye soketi ileile. Mara tatu. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoiruka vijana, na taa inaweza kuzimika kati ya ya kwanza na ya pili.

Shirika la Viwango, TBS, huita kazi ya kuvisahihisha vipimo ugezi, na yeyote aliyelileta neno hilo nampa mkono. Kugeza ni kukiweka kitu kando ya kingine ili kifanane nacho. Seremala ana kigezo cha mguu wa kiti. Mshonaji ana kigezo cha kola, amekikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kukitundika msumarini. Kigezo hakikaliwi wala hakivaliwi. Kazi yake ni kubaki kilivyo.

Kigezo cha Mzee kilikuwa kisanduku cha mvule chenye rezista nne: megaomu 1, 10, 50 na 100. Hatukuruhusiwa kuzigusa kwa vidole, kwa sababu jasho la kidole likikauka juu ya rezista kubwa kama ile, umeme hupata njia ya pembeni na kipimo kinashuka. Alizifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Pembeni aliweka kifuko cha mchele uliokaangwa, kunyonya unyevu, akiubadilisha kila wiki wakati wa masika. Tanga chumvi iko hewani; upepo wa kusi ukivuma, shaba inaota kijani ndani ya droo iliyofungwa. Kila Ijumaa kabla ya swala tulizisugua klipu kwa msasa laini, tukaitoa betri katika kila kifaa kisicho na safari kesho yake, tukazivuta nyaya moja moja mkononi kutafuta pale zilipoanza kulegea. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua hivi na hakuna anayemkagua. Akamtajia sura ya Mutaffifin, ya wanaopunja vipimo. Kwake omu haikutofautiana na kibaba.

Na kila mwaka kisanduku kilisafiri. Mzee alikipakata kwenye basi la Dar es Salaam, wala hakukiweka chini kwenye buti. Mabasi yakiishia stendi ya Ubungo wakati huo, alishuka, akavuka barabara ya Morogoro, akakikabidhi TBS. Siku ya kukirudia alikipakata tena, na cheti mfukoni. Mimi nilidhani safari inaishia pale Ubungo. Baadaye nikaelewa kuwa rezista za Ubungo nazo zina mahali zinapogezwa, na hizo nazo kwingine, mpaka ufike kwenye omu yenyewe. Zamani omu ilikuwa zebaki: mwaka 1893 mataifa yalikutana Chicago yakakubaliana juu ya safu ya zebaki yenye urefu wa sentimita 106.3, katika joto la barafu inayoyeyuka. Leo hupatikana kutokana na jambo aliloligundua Mjerumani Klaus von Klitzing mwaka 1980, ukinzani wa omu 25,812.807 ambao hauchakai wala hauhitaji mchele wa kukaanga. Katika mnyororo ule wote, mzee mwenye kisanduku mapajani, anapita Segera na Chalinze, alikuwa pete moja.

Siku hizi naona vibandiko vya ugezi vikichapwa pamoja na kadi za harusi. Nilionyeshwa cheti chenye umri wa wiki moja cha kifaa ambacho betri zake zilikuwa zimevuja zamani, ukoga umefunika shaba yote, hakiwaki. Mwenye nacho hakuona aibu. Aliambiwa mkaguzi anataka karatasi, naye karatasi anayo. Nimeona mita mpya zinazoandikwa volti 1000 kwa herufi nene, na nyaya zake ni nyembamba kama za redio. Hata vile vifaa vizuri vya kupima swichi za kinga, zile zinazopaswa kukata umeme ndani ya milisekunde 300, vinakaa kwenye dashibodi ya gari juani miaka minne. Muda kama huo hakuna mkono unaoweza kuuhisi. Kifaa kikidanganya, kimedanganya.

Mzee amefariki. Mwanawe aliniletea kisanduku, mega na kauntabuku lake, akasema baba aliagiza. Humo kila mstari una tarehe, hali ya hewa, rezista, na mega ilivyosoma. Kwenye megaomu 1, mega yake ya mkono inasoma 0.98, mwaka unaofuata 0.98, kisha 0.97, kisha 0.95, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mega inachoka. Kumbuka." Naijua pia siku alipoanza kutetemeka, kwa mwandiko wake.

Jana niliitoa mega ile ya Mzee, nikafuta rezista kwa spiriti, nikabananisha klipu kwanza, mshale ukaanguka sifuri. Nikafunga kwenye megaomu 1, nikazungusha mpaka klachi ikateleza. Mshale ukasimama 0.91. Nikaandika tarehe na namba hiyo chini ya mstari wake wa mwisho. Kisha nikafungua cheti kilichokunjwa ndani ya kifuniko cha kisanduku, nikahesabu miaka tangu kiende Ubungo mara ya mwisho, nikaona ni kumi na mmoja. Huenda mega imechoka zaidi. Huenda rezista ndiyo iliyohama. Safu ya maelezo nimeiacha wazi.