Mfuko wa Michezo Haukustahili Kuwekwa Rehani

Kosa la Uwanja wa Talanta haliko kwenye zege. Liko kwenye karatasi zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mnamo Julai 2025: hatifungani ya karibu Sh44.8 bilioni, faida ya takriban asilimia 15, muda wa miaka 15, na malipo yanayotegemea Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Hapo serikali ilikosea, na ilikosea vibaya.

Pigeni hesabu. Mkopo wa kiwango hicho ukilipwa kwa awamu sawa za kila mwaka, kila shilingi iliyokopwa inarudi ikiwa mbili na nusu na ushei. Uwanja mmoja wa viti 60,000 unavuka Sh110 bilioni. Na anayelipa ni nani? Ni mfuko ule ule unaotegemewa na Harambee Stars kwa safari na wanariadha wetu kwa marupurupu. Mwenye hatifungani hulipwa kwanza. Mchezaji anangoja.

Tena mfuko wenyewe hulishwa na kodi ya kamari, pesa isiyo na uhakika hata kidogo. Mwaka 2019 SportPesa ilipofunga shughuli zake nchini kwa sababu ya mzozo wa kodi, Gor Mahia na AFC Leopards walibaki bila mdhamini. Somo lile lilitosha. Montreal nao waliegemea kodi ya tumbaku kulipia uwanja wa Olimpiki ya 1976. Deni likaisha 2006.

Mkandarasi, CRBC, amekwenda kwa kasi ya kuridhisha.

Lakini kasi hiyo imenunuliwa ghali kwa sababu tulichelewa wenyewe. Anayejenga huku AFCON 2027 ikimkimbiza hana nafasi ya kubembeleza riba. Jubilee iliahidi viwanja vitano mwaka 2013. Vingejengwa kidogo kidogo kwa bajeti ya kila mwaka, leo tusingekopa kwa hofu. Badala yake tukanyang'anywa CHAN 2018, kama tulivyonyang'anywa AFCON 1996, na Januari 2025 CAF ikalazimika kuisogeza CHAN hadi Agosti. Kule Iten, uwanja wa Kamariny, walikofanyia mazoezi mabingwa wa dunia, ulifungwa ili ukarabatiwe, kazi ikakwama kwa miaka. Hilo sitaliachilia.

Waliotangulia walijua kupanga. Kasarani ilikuwa tayari kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Mzee Mkapa naye aliwaahidi Watanzania uwanja wa kisasa, wakagawana gharama na China, na kufikia 2007 ulikuwa unachezewa.

Bado kuna njia. Hazina iuhamishe mzigo huu hadi bajeti kuu, Bunge liujadili kila Juni mbele ya wananchi, na jedwali lote la malipo lichapishwe kabla ya mechi ya kwanza ya AFCON.