Jumba lililovaa nguo za ugenini

Katika mji wa Brighton, kando ya bahari, kusini ya Uingereza, limesimama jumba la kifalme liitwalo Royal Pavilion. Ukilitazama kwa nje utadhani umefika Bara Hindi: makuba yaliyovimba kama vitunguu, na minara myembamba. Ukiingia ndani, umefika China: mianzi na majoka kila upande. Katika chumba cha karamu joka moja linashika taa yenye uzito wa karibu kilo 1000. Kazi hiyo ni ya fundi John Nash, tangu 1815 hata 1823. Aliyemwamuru ni George, aliyekuwa mfalme mwaka 1820. George mwenyewe hakufika hata siku moja Bara Hindi wala China.

Je, ni kazi njema? Mimi nasema: nusu yake ndiyo. Jikoni napasifu. Nguzo zake ni za chuma, na juu zimevikwa majani ya mtende ya shaba. Fundi anacheza, naye hafichi kwamba anacheza. Bustani pia ni njema: vijia vyake vinapinda, maua na vichaka vimechanganyika, wala hakuna kitu kilichopangwa kama askari. Lakini makuba yale ni kanzu tu. Chini yake mna mifupa ya chuma, na ndani zaidi ingalimo nyumba ya kwanza, iliyojengwa mwaka 1787 kwa mtindo mwingine kabisa. Wahindi walijenga makuba yao kwa sala na kwa wafu wao. Huyu aliyachukua kwa karamu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililofichwa. Tarehe 15 Desemba 1785 George alimwoa kwa siri Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki. Sheria ya mwaka 1701 ilimnyima ufalme mtu aliyeoa Mkatoliki, na sheria ya 1772 ilibatilisha ndoa isiyo na ruhusa ya mfalme. Basi George akanyamaza, na mwaka 1795 akaoa mwanamke mwingine mbele ya watu wote. Mwaka 1800 Roma ilimjibu Maria kwamba ndoa yake ni halali. Alikaa katika nyumba yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka kwenye jumba. Mtu aliyetaka makuba yake yaonekane toka mbali hakuthubutu kumtaja mke wake.

Maria alikufa mwaka 1837, akazikwa papo hapo Brighton, katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Sanamu yake imepiga magoti, na mkononi ina pete tatu: mbili za waume wawili waliomtangulia kufa, na ya tatu ya George. Kwangu mimi sanamu hiyo yapita makuba yote, na anayekwenda kutazama jumba aende na huko pia.