Reli ya Kusini na Mipaka ya Urithi Wetu

Yatajwapo mambo ya utamaduni katika nchi ya Ndanda, Masasi na Newala, la kwanza kukumbukwa ni vinyago vya Wamakonde na ngoma ya mapiko. La pili ni misheni ya Wabenediktini, iliyoanzishwa Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vya Nyangao na Lukuledi kuangamizwa katika vita vya Majimaji. Kumbukumbu hizo ni za haki. Lakini lipo la tatu lisilotajwa, nalo ni reli ya Jimbo la Kusini. Makala haya yanakusudia kuuliza kwa nini reli hiyo haihesabiwi katika urithi wetu, na kama ni haki iwe hivyo.

Historia yake ni fupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali yake ikabuni mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu, vyote viwili vikaanza kujengwa. Mwaka 1949 reli ilifika Nachingwea kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Januari 1951 mpango ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea. Hata hivyo ujenzi haukukoma. Mwaka 1954 bandari ya Mtwara ilifunguliwa, nayo ikaunganishwa na reli. Na mwaka 1958 reli ikafika Masasi. Njia iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikakosa karanga za kubeba, na mazao mengine hayakutosha kulipia gharama zake. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Masasi iliisikia honi ya gari moshi kwa miaka minne tu.

Wapo wasemao kwamba reli hii ilikuwa mali ya mkoloni, basi na ife pamoja naye. Hoja hii haina nguvu. Fedha na amri vilitoka London, lakini tuta halikujijenga kwa amri. Udongo ulichimbwa na kubebwa, mawe yakapasuliwa, madaraja yakasimamishwa, na kazi hizo zilifanywa na vibarua Waafrika. Tukisema tuta ni la mkoloni peke yake, tunampa hata jasho ambalo halikuwa lake.

Wengine husema kwamba reli ilishindwa, na taifa halina haja ya kutunza kushindwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Urithi wa taifa si orodha ya ushindi tu. Mpango wa karanga ulipangwa mbali, kwa haraka, na watu wasioijua vema ardhi wala mvua zake. Mwanafunzi atakayesimama juu ya tuta lisilo na reli atalielewa jambo hilo kuliko atakayelisoma kitabuni. Wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini atajuaje kwamba anarudia, yule ambaye alama za kosa la kwanza zimefutwa machoni pake?

Vitabu navyo havitoshi. Kitabu mashuhuri juu ya mpango huu, The Groundnut Affair cha Alan Wood, kilitoka mwaka 1950. Bandari ya Mtwara ilikuwa haijafunguliwa, wala reli haijafika Masasi. Yule anayekitegemea hicho peke yake hawezi kuikuta humo hadithi yote ya watu wa Kusini.

Na sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baadaye huhitaji kutangazwa na Waziri. Kipimo hicho kinafaa magofu ya Kilwa. Kwa reli ya 1949 ni kipimo kifupi. Umri umefanywa mlango wa heshima, na kazi za babu zetu wa karibu zimebaki nje.

Tutazame tena Ndanda. Misheni ile haikudumu kwa ajili ya ukongwe wake. Imedumu kwa sababu wagonjwa hutibiwa pale na watu husali pale. Bandari ya Mtwara pia imeokoka kwa sababu meli hutia nanga. Matumizi ni mlinzi mkubwa kuliko ubao wa tangazo. Reli iliyong'olewa haina mtumiaji, na kwa hiyo haina mlinzi ila kumbukumbu na sheria. Ikikosa hivyo viwili, tuta litachimbwa kuwa udongo wa kujengea, na mawe ya madaraja yatachukuliwa.

Mwaka 1962, ule ule ambao reli ilifungwa, ndio Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Taifa lilianza kuutafuta utamaduni wake wakati ambapo Kusini kulikuwa kunapoteza reli yake, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Bado kazi inaweza kufanyika. Shule za sekondari za Masasi, Nachingwea na Mtwara zaweza kupima tuta, kuchora ramani ya vituo, na kuandika maneno ya wazee walioiona reli ikifanya kazi. Kijana wa miaka kumi na mitano mwaka 1958 sasa ni mzee sana. Ombi la kutaka Waziri atangaze ulinzi lina uzito likiambatana na ramani na ushahidi wa namna hiyo. Tuta laweza kungoja kidogo, wazee hawawezi.