Mgeni Ndani ya Macintosh

Katika kompyuta za Macintosh zilizotumia prosesa za Motorola za ukoo wa 68000, kama vile SE/30 iliyotoka mwaka 1989, kumbukumbu ya kudumu iliyofungwa kiwandani, yaani ROM, iliandikwa kwa ajili ya kuuamsha mfumo wa Apple peke yake. Walioileta humo NetBSD, mfumo wa jamii ya Unix ulioanza mwaka 1993, hawakushindana na ROM hiyo, bali waliuacha mfumo wa Apple uwake hadi mwisho, kisha ndani yake wakaendesha programu ndogo iitwayo Booter, ambayo hupakia kiini cha mfumo mgeni, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu, diski na programu nyingine zote, na kukikabidhi mashine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni hukaribishwa vizuri, ila mwenyeji haponi.

Ustadi wenyewe umo katika utaratibu wa makabidhiano. Mfumo wa Apple ungali hai kiini kinaposomwa kutoka diskini, na ndio unaosaidia kukisoma, lakini mwanzoni mwa kumbukumbu, kinapotakiwa kukaa, ndipo ulipokaa wenyewe. Kwa hiyo programu hukiweka kwanza mahali pa muda, huzuia ukatizaji, yaani ishara ambazo vifaa huitumia prosesa ili iache shughuli yake na kuvihudumia, kisha hukihamishia juu ya mfumo uliokisoma. Hatua ngumu kuliko zote ni kuiondoa ramani ya Apple katika kitengo cha kusimamia kumbukumbu, ambacho hugeuza anwani zinazotumiwa na programu kuwa anwani halisi za RAM. Katika Macintosh IIci, kwa mfano, RAM imegawanyika katika safu mbili zilizoachana, na ni kitengo hicho kinachozifanya zionekane kama safu moja. Ramani hiyo ikiondoka, agizo linalofuata huenda lisiwepo tena pale prosesa inapolitafuta. Maagizo machache ya hapo hupangwa kwa kulijua hilo, na yakikosewa hautatokea ujumbe wowote wa hitilafu, maana aliyekuwa akiutoa amekwisha kufutwa. Ni vigumu kutoyaheshimu maagizo hayo zaidi ya programu nyingi kubwa. Kisha kiini hukiendesha kitengo hicho kwa ramani yake chenyewe, na ndiyo sababu Macintosh LC ya kwanza, iliyokikosa, haiwezi kuipokea NetBSD.

Kuna pia suala la urithi. Kiini kipya huachiwa anwani ya skrini, kiasi cha RAM na aina ya mashine, mambo ambayo mfumo wa Apple ulikwisha kuyatambua. Hata saa hurithishwa, na hapo pana hesabu ya kufanya: Macintosh huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1904 kwa saa za mahali ilipo, ilhali Unix huhesabu tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za Greenwich, kwa hiyo Booter inahitaji kujua tofauti ya saa kati ya mahali hapo na Greenwich kabla haijatoweka.