Wepesi wa Ellen Terry

Wahakiki wa London wa karne ya 19 walipoandika kumhusu mwigizaji Ellen Terry, walisifu haiba yake kwanza: sauti, nywele, namna alivyopita jukwaani kana kwamba nyayo hazigusi mbao. Walimpenda kwa dhati, lakini sifa hizo zilimpunja. Zilifanya wepesi wake uonekane kama zawadi aliyozaliwa nayo, ilhali ulikuwa ufundi aliofundishwa tangu utotoni, akaufanyia kazi mpaka uzee.

Alizaliwa Coventry tarehe 27 Februari 1847, binti wa waigizaji waliozunguka Uingereza wakitafuta riziki mji kwa mji. Darasani hakuketi, aliyoyajua aliyapata nyumbani na nyuma ya pazia. Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka tisa, alitokea London kama mwana wa mfalme, Mamillius, katika tamthilia ya The Winter's Tale, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa watazamaji. Kampuni ilikuwa ya Charles Kean, na nidhamu yake haikuwa na mchezo. Mazoezi yalikwenda mchana kutwa, hata Jumapili, na usiku usiokuwa na onyesho yaliweza kufika alfajiri. Mwalimu wa ngoma alimfunga blanketi lililoburuzika sakafuni kwa sentimita 15 hivi, ajifunze kulimudu vazi refu bila kulipiga teke. Mke wa Kean alimfundisha irabu tano, kila moja isikike kwa sauti yake, isichanganyike na mwenzake. Mtazamaji aliyestaajabia mwendo na matamshi ya Ellen Terry miaka ishirini baadaye alikuwa akistaajabia blanketi lile na irabu zile.

Mwaka huohuo alicheza Puck katika A Midsummer Night's Dream. Mwishoni mwa mchezo alipaswa kuibuka kupitia mlango wa sakafuni na kuwaaga watazamaji. Usiku mmoja mlango ulifungwa kabla ya wakati, ukambana kidole cha mguu na kukivunja. Bibi Kean akamsihi amalize, naye atamwongezea mshahara maradufu. Mtoto alimaliza, machungu yakimtoka kinywani pamoja na maneno, na mshahara ukapanda kutoka shilingi 15 kwa wiki hadi 30. Huenda msomaji wa leo akauona ukatili katika kisa hicho, na ana haki. Terry mwenyewe alikisimulia katika kumbukumbu zake bila kinyongo.

Mambo ya nyumbani kwake yalisemwa sana. Kabla hajatimiza miaka 17 aliolewa na mchoraji G. F. Watts, aliyemzidi karibu miaka 30. Wakatengana kabla ya mwaka kwisha. Kisha akaliacha jukwaa miaka sita kuishi shambani na msanifu majengo Edward Godwin, akamzalia Edith na Edward Gordon Craig. Mwaka 1874 madeni yalimrudisha kazini. Lakini hakurudi mikono mitupu, kwani kwa wanaume hao wawili alikuwa amejifunza kutazama rangi, kitambaa na umbo kwa jicho la mchoraji, na jicho hilo lilimfaa katika kila vazi alilovaa baadaye. Mwaka uliofuata alimcheza Portia, yule mwanamke mwenye hekima ambaye wasomaji wa Kiswahili wamekutana naye katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. London ikamkubali moja kwa moja.

Mwaka 1878 mwigizaji Henry Irving alimwita katika ukumbi wake wa Lyceum, na ushirikiano wao ukadumu zaidi ya miaka ishirini. Kazi ya kwanza ilikuwa Ophelia katika Hamlet. Kwa ajili ya onyesho la wazimu, Terry alikwenda kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kutazama. Wengi aliowaona hawakumsaidia. Alipokuwa akiondoka, akamwona msichana aliyekuwa akiukodolea macho ukuta. Uso wake haukuwa na kitu, ila mwili wote ulikuwa unangoja. Ghafla akarusha mikono na kukikatisha chumba mbio. Hapo Terry alipata fundisho aliloling'ang'ania maisha yake yote: mwigizaji hawezi kuyazoa maisha na kuyamwaga jukwaani jinsi yalivyo. Lazima awe na wazo lake kwanza, ndipo ajue cha kuchagua. Ziara ile ilizaa matunda kwa sababu alikuwa tayari anajua anachokitafuta.

Wazo lake lilionekana waziwazi zaidi mwishoni mwa mwaka 1888, alipocheza mke wa Macbeth. Tangu enzi za mwigizaji Sarah Siddons, mwanamke huyo alizoeleka kuchezwa kama jitu la kutisha. Terry alisoma tamthilia akiwa na kalamu mkononi, akajaza maelezo pambizoni, na akamwona mke anayempenda mumewe kiasi cha kuangamia naye. Maleba yalifanywa kwa makini yaleyale: gauni la kijani lililoshonewa magamba ya mabawa ya mbawakawa, kama elfu moja, yakimeremeta kwa kila hatua. Mchoraji John Singer Sargent alimchora akiwa ndani yake. Wahakiki waligawanyika, baadhi wakidai amempoza muuaji. Ukisoma mistari ya mwanamke yule, hasa pale anapozungumza usingizini, utaona Terry alikuwa na hoja nzito kuliko wao.

Sinema ilimfikia akikaribia miaka 70. Filamu yake ya kwanza, Her Greatest Performance, ilipigwa mwaka 1916; mwaka 1922 alikuwa mlezi mzee katika The Bohemian Girl, pamoja na Ivor Novello na Gladys Cooper. Ni sinema bubu, nazo zilimnyang'anya irabu alizozifanyia kazi tangu utoto. Kilichobaki ni mwili uliojua kungoja, kusikiliza na kugeuka kwa wakati wake. Sauti yake iko kwingine, katika rekodi chache za Shakespeare alizozifanya Marekani mwaka 1911, na ni bahati kwamba zipo.

Macho na kumbukumbu vilipomwishia nguvu, hakuacha kazi. Alizunguka Uingereza, Marekani na Australia akitoa mihadhara kuhusu wanawake wa Shakespeare, akitetea akili na ujasiri wao kwa hadhira zilizozoea kuwaona kama mapambo. Alitunukiwa cheo cha Dame mwaka 1925, akafariki nyumbani kwake Smallhythe, Kent, tarehe 21 Julai 1928. Edith aliigeuza nyumba ile kuwa makumbusho, na gauni la mbawakawa bado limetunzwa humo, pamoja na vitabu vya tamthilia alivyoviandikia maelezo pambizoni. Mwigizaji kijana anayetaka kujifunza kwake angefaidika zaidi na vitabu hivyo kuliko filamu. Filamu zina mwanamke mzee mbele ya kamera ambayo haikumsikia. Pambizo zina mwigizaji katikati ya kazi, akibishana na mstari mmoja mpaka umkubalie.