Balbu ya Kubana Umeme: Ipime Kabla Hujalipa

Ukienda kununua balbu ya kubana umeme pale Musaga, Bujumbura, usianze na boksi. Maboksi yote husifu vilevile, na mwenye mita ya kulipia kabla ya Regideso, shirika letu la umeme, ni rahisi kuyaamini. Si uongo mtupu: wati 11 za balbu ya mrija uliosokotwa hukaribia mwanga wa wati 60 za ile ya zamani ya waya. Lakini ila zake hutazijua mpaka uifikishe nyumbani, mezani na chooni.

Kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe kwenye holda ya majaribio. Laza kiganja chako chini ya mwanga, kando yake nyanya au kitenge chekundu. Ngozi ikiwa ya kijivu na nyanya ikaonekana kahawia, mrudishie. Mimi niliwahi kufunga nyeupe kali ya kelvini 6500 juu ya meza ya chakula, na ndagala wa siku hiyohiyo wakaonekana wa juzi. Maandishi ya "Ra 80" yasikutulize: kipimo hicho cha uhalisi wa rangi hukokotolewa kwa rangi nane zilizofifia, na wekundu uliokolea haumo. Sebuleni na jikoni, kelvini 2700 au 3000.

Kisha toa simu. Fungua kamera, isogeze karibu na balbu. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, taa inapepesa. Jicho halioni, ila mtoto anayesoma chini yake anaweza kulalamika kichwa, nawe ukamshuku uvivu. Balbu nzuri ya LED, ile aina nyingine ya kubana umeme, ina saketi inayotuliza umeme. Ya rahisi, saketi hiyo ndiyo iliyopunguzwa ili bei ishuke.

Hapa kwenye volti ndipo ninapobagua kuliko kote. Soma maandishi madogo kwenye kitako. Iliyoandikwa 220–240 inataka umeme uliotulia, na sisi tunajua jioni zetu. Tafuta yenye upana, mfano 100–265: umeme ukishuka, nzuri haififii. Umeme ukirudi kwa kishindo hakuna balbu ya kuapia, lakini dhaifu ndizo hutangulia. Nusa pia kitako baada ya dakika kumi. Harufu ya plastiki inayoungua haihitaji fundi kuitafsiri.

Chooni usiweke ya mrija. Huchukua karibu dakika nzima kufikia mwanga wake kamili, mtu ameshamaliza haja yake. Na kuiwasha na kuizima mara kwa mara hufupisha maisha yake. LED haijali hayo. Inachochukia ni kufungiwa ndani ya globu ya kioo isiyopitisha hewa, kwa kuwa joto hukausha kapasita zake.

Tena ya mrija ina zebaki, miligramu chache tu, lakini ikivunjika chumbani toa watoto, fungua madirisha, kusanya vigae kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, usipige ufagio. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, zilipokutana Bali mwaka 2022, ziliafikiana kwamba zile za wati 30 kushuka chini zisitengenezwe, zisiingizwe wala kuuzwa nje baada ya 2025. Muuzaji akikupunguzia bei ya masalia hayo, mwachie.