Antropolojia ni ya memuari tu?

Katika kazi ya kulinda mila zetu tunakutana mara nyingi na vijana waliosoma antropolojia. Diplome wanayo, kazi hawana. Walifundishwa kana kwamba wote watakuwa maprofesere. Hapo sisi tunaona kosa.

Tuchukue mfano wa kwetu Lubumbashi. Johannes Fabian alifundisha hapa miaka ya 1970. Mwaka 1973 na 1974 alizungumza kwa Kiswahili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya picha zake za historia ya inchi yetu. Kitabu kilitoka 1996, kwa Kiingereza. Tunakisifu: mule mchoraji anasema mwenyewe, profesere anasikiliza. Lakini wanafunzi wanakitaja tu mu memuari, bila kujifunza kazi iliyokizaa: kuuliza, kunyamaza, kurekodi, kuandika maneno namna mutu alivyoyasema.

Na kazi ile ile inatakiwa inje ya iniversite. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwako, imani ndiyo ilikosekana mahali pengi. Mu Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Nani aeleze waganga kwa nini familia inakataa marehemu wake azikwe na wageni? Vilevile, sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni zipatane na wenyeji juu ya miradi ya maendeleo. Pale napo anatakiwa mutu anayejua kusikiliza wamama wa kijiji, siyo chefu peke yake.

Wengine watasema: iniversite haiko karakana, na anayelipwa na kampuni atasema sauti ya kampuni. Hatari hiyo iko kweli. Ndiyo maana afundishwe mapema kuandika ripoti fupi inayoeleweka, kuficha majina ya waliomwamini, na kukataa makuta yanayonunua jibu. Hata profesere anahitaji hayo matatu.

Tunaomba basi: kabla ya memuari, kila mwanafunzi akae kwanza mu hospitali, mu komine ao kwa mafundi, kisha aliyoandika ayasome kwa Kiswahili mbele ya wale aliowauliza. Wakimusahihisha, asikasirike. Hapo ndipo masomo yanaanza.